Daraja la Saba la Zuhali

Bati lilikuwa la biskuti, lile la duara lenye kifuniko cha picha ya farasi, ambalo kila nyumba ya mjini iliwahi kuwa nalo na ambalo ndani yake hatukukuta biskuti hata siku moja. Kwa kawaida hukutwa sindano na nyuzi. Hili, nililolivuta kutoka chini ya kitanda cha kaka yangu siku tatu baada ya arubaini yake, lilikuwa na madaftari sita, kadi za kliniki zilizofungwa kwa mpira, na chupa ya marashi ya mawaridi iliyokauka. Nilipoinua kifuniko, harufu ilitangulia kutoka kabla sijaona kitu. Nilikaa sakafuni kama gunia lililotuliwa.

Madaftari hayo nayajua. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wake, na hakuwahi kuwa na mwingine. Nataka niwaeleze yaliyomo, taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa sayansi, kwa sababu jambo hili likielezwa kwa haraka halieleweki. Nyinyi wa rika langu mtanivumilia. Nyinyi pia mlikuwa na mashujaa wenu, na pengine mpaka leo hamjui walikufanyieni nini.

Kaka yangu aliitwa Suleiman, nyumbani tukimwita Sule. Alinizidi miaka mitano. Tulikaa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe Mkunazini, yeye, mimi na mama. Baba alifariki nikiwa bado natambaa. Mama alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya wageni huko Shangani, na wageni wa nyumba za namna ile wana tabia ya kuacha vitu: malapa, mafuta ya jua, vitabu. Mama akivileta vyote. Malapa tulivaa, mafuta tulijipaka mara moja tukanuka nazi ya uongo, na vitabu alichukua Sule. Vingi vilikuwa vya picha, vimekwisha majalada, vya watu wanaoruka kutoka sayari moja hadi nyingine kwa vyombo vya moto. Alivisoma na kamusi pembeni, neno moja moja, kama mtu anayechagua mchele.

Akimaliza ananihadithia. Na alipokwisha kunihadithia vya kutosha, akagundua kanuni.

"Hebu tazama," aliniambia siku moja, vitabu vitatu amevitandaza mkekani. "Hapa mwanzo huyu ananyanyua gari. Hiki cha pili, meli. Hiki, anausukuma mwezi. Kwa nini hakuusukuma mwezi toka mwanzo?"

"Alikuwa hajui kama anaweza."

"Hapana, Raya. Angeusukuma mwezi mwanzo, kitabu cha pili angefanya nini? Angekwenda kufua mashuka na mama?"

Nilicheka mpaka mama akagonga ukuta.

"Na adui naye lazima akue," aliendelea. "Shujaa akipanda ngazi moja, adui anapanda moja na nusu. Ikiwa sivyo, nani atasoma?"

"Sasa watafika wapi?"

"Ndiyo tabu yake hiyo. Hawana pa kufika."

Kulikuwa na kanuni nyingine, na hii ndiyo nawaomba muishike. Shujaa hapandi bure. Kabla ya kila ngazi lazima aangushwe: aungue, azame, anyonywe damu, alale kama maiti na wenzake wakimlilia. Akiinuka, anainuka na nguvu ambazo jana hakuwa nazo. Sule alinionyesha kitabu baada ya kitabu, na kweli, hakuna kilichokwenda kinyume. Kwa mtoto wa miaka tisa, jambo lililothibitishwa mara kumi ni kweli kama jua.

Baadaye akaanza kuandika cha kwake. Shujaa wake alikuwa kijana wa Mkunazini aliyekunywa maji ya kisima kilichoangukiwa na jiwe kutoka Zuhali, ile sayari yenye pete, na kwa hiyo na yeye akaitwa Zuhali. Nguvu zake alizipanga kwa madaraja, daftari moja kwa kila daraja. Daraja la kwanza aliinua mtungi uliojaa kwa kidole kimoja. La pili alilisimamisha gari la mizigo sokoni Darajani. La tatu, ambalo mpaka leo ndilo ninalolipenda kuliko yote, alilizuia kwa mgongo jumba bovu la Malindi lisianguke, akasimama vivyo hivyo mpaka wakatoka watu wote na mabibi wawili wakarudi ndani kuchukua mito yao. La nne aliishika meli. La tano aliirudisha bahari. La sita alikizuia kisiwa chote kisizame, akiwa amesimama chini ya maji huko Chukwani, na juu watu wanakunywa kahawa hawana habari.

Kila nguvu mpya ilipokuwa ikiingia, macho ya Zuhali yaligeuka manjano.

Macho ya kaka yangu nayo yalikuwa manjano.

Alikuwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Wanafunzi wangu nawachorea ubaoni: seli ya damu ya mtu mwenye afya ni ya duara, laini, inapita popote; hii imepinda kama mundu, na nyingi zikikutana mahali pembamba zinashikana, damu haipiti, na sehemu iliyo mbele inakosa hewa. Hayo ndiyo maumivu. Yanaweza kuwa ya mguu, ya kifua, ya mgongo. Yanaweza kuwa ya kichwa. Seli hizo huvunjika upesi, na rangi yake ya manjano ndiyo inayoonekana machoni. Najua kuyaeleza haya vizuri sana sasa. Wakati ule hakuna aliyenieleza. Watu wazima walisema "mgonjwa", wakasema "tumeandikiwa", na mtoto ukiuliza zaidi unaambiwa ukatazame kama chai imechemka.

Kwa hiyo nilijieleza mwenyewe, kwa vifaa nilivyokuwa navyo.

Kila Sule aliporudi spitali, mama alikuwa akimleta Maalim Haji, aliyetusomesha Kurani chuoni. Alikuwa akiandika kombe. Kwa asiyewahi kuliona: ni sahani nyeupe ya kauri, na wino wake ni zafarani. Maalim aliandika aya kwa kalamu ya mti, mistari ikizunguka sahani kutoka ukingoni mpaka katikati, kisha akayaosha maandishi kwa maji na marashi ya mawaridi, na maji yale ya dhahabu yakatiwa chupani. Mgonjwa anakunywa kidogo asubuhi na kidogo jioni, kwa bismillahi. Mimi nilikuwa nikikaa karibu, pumzi nimeibana, nikitazama maneno yanavyoyeyuka.

Maalim hakuwa mtu wa kudanganya watu. Kila mara akiifunga chupa alimwambia mama maneno yale yale: "Hii ni dua, Bi Salma. Spitali usiiache. Homa ikimpanda, mkimbize, usikae na kombe langu."

"Nshasikia, Maalim."

Na mimi nilisikia. Lakini nilikuwa nimeshaona maji ya manjano yakiingia kinywani na macho ya manjano yakinitazama kutoka upande wa pili wa chupa. Baada ya siku chache Sule alikuwa akikaa kitako, akifungua daftari jipya, na Zuhali akipanda daraja. Anaangushwa, analala kama maiti, mama analia, anakunywa, anainuka. Ningewezaje kuona kitu kingine?

Nilimuuliza mara moja tu. "Kaka, Zuhali ndiye wewe?"

Alinitazama. Nadhani aliona jinsi nilivyotaka, na kwamba usiku ule aliolia kwa maumivu ya miguu nilikuwa nimejificha kabatini. "Siri hiyo," akasema. Akaweka kidole mdomoni.

Hapo sijawahi kumlaumu. Alikuwa na miaka kumi na minne, ana dada mdogo anayeogopa, akampa kitu cha kushika.

Baada ya daftari la sita aliacha kuandika kwa muda. Kisha akanipa ukurasa mmoja mwishoni mwa daftari lile lile, nikausoma nimesimama mlangoni. Zuhali anaamka asubuhi na nguvu zimemtoka. Hazikuchukuliwa na adui. Zimekwisha tu, kama mafuta ya taa. Anateremka ngazi kwa miguu yake, anakaa barazani, ananunua mkate wa boflo, na watoto wanampita wakikimbilia skuli. Basi. Ndio mwisho.

"Hii si hadithi," nilimwambia.

"Kwa nini?"

"Shujaa hapungui. Wewe mwenyewe umesema. Yuko wapi daraja la saba?"

"Amechoka, Raya. Mtu hachoki?"

"Zuhali hachoki!" Nikauchana ule ukurasa. Niliuchana kwa hasira na kwa machozi, nikauminya, nikautupa dirishani, ukaangukia ujiani kwenye maji ya mfereji. Nilikuwa nimeona jambo ambalo sikutaka kuliona, na sikuwa na jina lake.

Sule alilitazama daftari lililochanwa. Kisha akacheka kile kicheko chake cha puani. "Haya, bibi mkubwa. La saba unalitaka la namna gani?"

"Nguvu zimwingie kichwani. Awe anajua kila kitu. Na mtu yeyote asimguse zikiwa zinaingia, akiguswa zinamwagika."

"Zinamwagika?"

"Zinamwagika na hazirudi tena."

"Umekuwa mwandishi," alisema, akaanza kuliandika vile vile nilivyosema.

Wiki haikupita, khaloo yetu, dada yake mama, akafariki Kiwengwa, na mama akalazimika kwenda mazikoni. Aliondoka asubuhi, amejifunga kanga mbili, akanishika mabega.

"Raya, nisikilize. Kaka yako akipata homa, au akisema kichwa kinamuuma, unateremka kwa Bi Zuwena. Hungoji. Umenisikia? Hungoji hata kuvaa viatu."

"Naam, mama."

Bi Zuwena alikaa chini yetu, mjane mwenye sauti kama adhana na simu ya mkononi aliyoifunga kwenye leso. Alikuwa ameshaambiwa.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Tulikunywa chai na mkate wa kumimina, Sule akakaa kitandani na daftari, mimi nikiosha vikombe. Jua lilikuwa limefika katikati ya sakafu aliponiita.

"Raya. Kichwa."

Nilimgeukia. Macho yake sijawahi kuyaona manjano kama vile.

Nitawaambia nilichohisi, kwa sababu nimeapa kutoficha. Sikuogopa. Nilifurahi. Moyo ulinipiga kama mtu aliyesikia gari la mgeni wake limesimama nje.

"Ndiyo la saba, kaka?"

"Teremka ukamwite Bi Zuwena."

"Utamwaga!"

"Raya." Alijaribu kutabasamu. "Ile hadithi tu. Nimeitunga mie. Nenda."

Na hapa ndipo lilipo kosa lenyewe, kosa ambalo angeweza kulifanya tu mtoto aliyefunzwa vizuri. Katika kila kitabu tulichosoma, kabla ya nguvu kubwa kuliko zote, shujaa hukana. Husema mimi ni mtu wa kawaida, niacheni. Ukiyasikia maneno hayo ndipo unapojua kwamba wakati umefika. Sule mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Kwa hiyo alipokana, nilipata hakika.

Nilikwenda kuichukua chupa ya kombe, iliyobaki zaidi ya nusu, ya kutumia siku nyingi. Nikamwinua kichwa. "Kunywa yote," nikamwambia, kwa sauti ya mama. Alikunywa, kwa kuwa alikuwa na kiu au kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kukataa, mengine yakamwagikia kifuani, na chumba kizima kikanuka mawaridi.

Sauti ya Bi Zuwena ikapanda kutoka chini ya ngazi.

"Raya! Raya wee!"

"Naam!"

"Wazima huko juu? Mbona kimya?"

Nilisimama juu ya ngazi, mkono kwenye ukuta wa chokaa. Nilikuwa naona ncha ya kanga yake na vidole vya miguu yake. Ngazi zilikuwa kama ishirini. Ningesema neno moja, neno lolote, angepanda.

"Wazima!" nikajibu.

"Sule kala?"

"Kalala, Bi Zuwena!"

"Haya mwanangu, mwache apumzike. Nitawaletea mchuzi jioni."

Nikarudi ndani, nikafunga mlango na komeo.

Sule alikuwa amelishika tena daftari. Mpaka leo sijui alitaka kuandika nini. Kalamu ilimtoka mkononi. Alijaribu kuiokota, vidole vikaigusa na visiishike, akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau pale kitandani. Upande mmoja wa uso wake ukateremka. Akasema kitu, na maneno hayakuwa maneno. Mimi nikapiga magoti mkekani na kuyasikiliza kwa heshima. Nilidhani ni lugha ya Zuhali.

Mama aligonga mlango baada ya alasiri. Sitaelezea sauti aliyotoa.

Spitali daktari aliuliza, "Ilianza lini?" Mama akanigeukia. Wote wakanigeukia. Sule alikuwa juu ya kitanda cha magurudumu, macho wazi, ananitazama pia.

"Sasa hivi," nilisema.

Ndivyo ilivyoandikwa: sasa hivi. Nikiwa mtu mzima nilimuuliza daktari mmoja, kama mtu anayeuliza kwa ajili ya darasa, kama zile saa chache zingebadili kitu. Alinijibu kwa upole kwamba pengine ndiyo, pengine la, ila kwa jambo la kichwa kila dakika ina thamani. Nilimshukuru. Nikakaa kwenye gari muda mrefu.

Sule hakufa siku ile. Katika vitabu vyake mtu ama hufa ama huinuka, na yeye hakufanya hata kimoja. Aliishi miaka mingine mingi, mkono wa kulia umekunjika kifuani, mguu akiuburura, maneno yakimtoka moja moja na mengine yakikwama njiani. Kila alipoumwa, kitu kingine kilipungua: kwanza ngazi, kisha kusoma kwa muda mrefu, kisha jicho moja. Nimekwisha kueleza kanuni ya vitabu. Hii ndiyo kanuni ya mwili, nawasomesha watoto wa watu kila mwaka, na nawaambia waulize, waulize tena, wasikubali kutumwa kutazama chai.

Hakusema kamwe nilichofanya siku ile. Mama alifariki akiamini nilikuwa mtoto mwema niliyekaa na kaka yangu mpaka aliporudi. Aliwasimulia watu hivyo, mbele yangu, mbele yake. Sule alikuwa akitazama chini. Nilisubiri anilaumu. Nilimwosha, nikamlisha, nikamkata kucha za mkono ule uliokunjika, na kila siku nilisubiri. Mara moja, nimeshaolewa na kurudi nyumbani, nilimwambia, "Kaka, siku ile..." Akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye televisheni, kulikuwa na mpira. Sijui kama alinisamehe au hakutaka kunipa nafasi ya kusamehewa. Sasa hakuna wa kumuuliza.

Pale sakafuni nilizipanga kadi za kliniki kando ya madaftari. Kulazwa mara sita kabla ya siku ile, madaftari sita. Alipolazwa kwa kuongezwa damu, Zuhali aliishika meli. Alipolazwa kifua kikiwa hakipandi, Zuhali alisimama chini ya maji huko Chukwani na juu watu wanakunywa kahawa. Alikuwa ameyaandika yote. Kadi na daftari vilisema jambo moja, na mimi nilisoma upande mmoja tu.

Mwisho wa daftari la sita ndipo lilipo daraja la saba, nusu ukurasa. Mwandiko ni wake, mzuri, umelala kidogo. Katikati ya neno wino unateleza, unakwenda mpaka ukingoni mwa karatasi, na hapo unakoma. Nyuma yake, karibu na pini za daftari, kuna ukanda mwembamba wenye meno, mabaki ya ukurasa niliouchana.

Nimejaribu kuuandika upya. Nimekaa na kalamu siku nyingi, mimi ninayejua kueleza. Baraza ninaikumbuka, na boflo, na watoto wa skuli. Lakini maneno yake hayaji, isipokuwa sentensi moja, ile ya mwisho, iliyonifanya nilie kwa hasira pale mlangoni:

Siku ile Zuhali hakuinua kitu, na hakuna mtu aliyemwambia ainue.